Sajini Pasi Akataa Kutia Saini

Makuruta walimwita Pasi kwa sababu mbili: gwanda lake halikuwa na kunjo hata siku ya mvua, na aliyemletea jeuri alinyooshwa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkufunzi pale kambini, mwanamke pekee kati ya wakufunzi tisa, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa wakati makuruta wamesimama.

Siku hiyo kombania ilikuwa kwenye matembezi ya kilomita thelathini, kila mtu na shanta ya kilo ishirini mgongoni. Jua lilichoma kweli kweli. Kapteni, mkuu wa kombania, alikuwa ameamuru chupa za maji zisifunguliwe mpaka mwisho wa safari.

"Askari lazima aizoee kiu," alisema.

Kwenye kilomita ya kumi na nane, kuruta mmoja, binti wa fundi cherehani, akaanza kupepesuka kama mlevi. Pasi akamgusa shavu: moto, kavu, jasho hamna.

"Afande," binti akamuuliza, "mama ameshafunika cherehani?"

Pasi akapuliza filimbi. "Kombania, simama! Fungueni maji!"

Kapteni akashuka garini mbio. "Nani kakupa amri hiyo? Hapa si chekechea, Sajini!"

"Si chekechea, afande. Wala si makaburini."

Binti akamwagiwa maji, gari likamkimbiza hospitali. Alilazwa siku tisa, figo zikiyumba, kisha akapona.

Wiki iliyofuata Pasi akaitwa ofisini. Mezani palikuwa na karatasi iliyosema kuruta alikuwa ameficha ugonjwa wake wa zamani. Kapteni akamsogezea kalamu.

"Tia saini yaishe. Imebaki miezi miwili tu upande cheo."

Pasi aliisoma mara mbili. Alimfikiria mama yake, anayeishi kwa dawa zinazonunuliwa kwa mshahara wake. Kisha akairudisha kalamu mahali pake.

"Huyu mtoto hakuwa mgonjwa, afande. Tulimfanya mgonjwa sisi."

Kesho yake akahamishiwa stoo. Akampigia mama yake simu.

"Stoo ya silaha?" mama akauliza.

"Ya mablanketi."

"Basi angalau baridi hutaisikia, mwanangu." Wakacheka wote wawili.

Usiku huo huo Pasi akamwandikia barua Brigedia, mkuu wa kambi. Aliomba makuruta thelathini walioitwa goigoi, wiki nane, halafu njia ile ile, washindane na makuruta thelathini wa Kapteni. Brigedia akakubali.

Hakuwadekeza hata kidogo. Walipanda kilima mpaka wakatapika. Mizigo iliongezwa kidogo kidogo, maji yakanywewa kwa saa maalumu, na somo lilikuwa moja kila asubuhi: "Ukichoka, unatembea. Ukiumia, unasema. Asiyejua tofauti yake atamponza mwenzake."

Siku ikafika. Watu wa Kapteni walitangulia kwa dakika sita, lakini kumi na mmoja wao walikuwa wametapakaa njiani. Wa Pasi wakafika ishirini na tisa kwa pamoja, sauti zimewakauka kwa kuimba, mashanta bado mgongoni. Wa thelathini alivunjika kidole cha mguu. Akasema, akapandishwa garini.

Brigedia akawahesabu mmoja mmoja. "Vita vikianza kesho," akamuuliza Kapteni, "nichukue watu wa nani?"

Kapteni akatuma gari kuwazoa watu wake waliobaki njiani.

Amri ya maji ikaandikwa na kubandikwa kila bweni, na Pasi akarudishwa uwanjani. Cheo hakikuja mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Siku moja Kapteni akakutana naye kwenye ngazi za ofisi.

"Umeshinda, sivyo? Lakini cheo sahau."

"Nimeshasahau, afande," Pasi akajibu. Akapiga saluti, akashuka zake uwanjani, ambako makuruta wapya walikuwa bado hawajui hata kufunga kamba za buti.