Bibi wa Shaba wa Jules Street

Fundi saa wa Jules Street, pale Malvern, alikuwa mlokole asiyeonja hata bia, lakini akishika sarafu zake kuukuu za shaba za Marekani, mdomo ulimchafuka. Kila moja aliishika ukingoni kwa kucha mbili, akainusa kama samaki wa sokoni, kisha akataja daraja lake la ubora: "Huyu bikira. Huyu mjane. Huyu kapigwa na mume." Kipenzi chake kilikuwa senti moja ya zamani sana, nyeusi kama sufuria ya kuni, yenye kichwa cha mwanamke aliyeachia nywele. Ole wako uiguse! "Weusi huo ndio umri wake. Ukimsugua umemuua!" Marcelline, msusi wa chumba cha pili, alidhani mzee anabania sabuni tu. "Papa, na nywele hizo? Mlete nimsuke."

Siku wakusanyaji wenzake walipokuja kuipima thamani, Marcelline aliona aibu, mwanamke yule wa kwenye senti kukaa mbele ya wageni bila kuoga. Fundi alipotoka kununua maziwa ya chai, msusi akaisugua senti kwa ndimu na chumvi mpaka ikang'aa kama bomba jipya. Mgeni wa kwanza aliitazama, akaiweka chini kama kitu kilichooza.

"Eish! Nani kaiua hii?"

Marcelline, mlangoni, akaficha mikono nyuma. Fundi, anayegombana hata na upepo, akaiokota, akainusa, akamtazama msusi.

"Ni mimi, ndugu zangu," akasema. "Jana nililewa."