Ubavu wa Kushoto wa Ndege ya Baba

Watu huniuliza kwa nini mama mzima, mwenye mvi zake, anacheza na vindege vya plastiki. Zamani nilikuwa nawajibu kwa upole. Siku hizi nawaambia wapite zao.

Ndege niliyokuwa naiunda kiangazi kile, kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu Germantown, huku Marekani, ilikuwa na injini mbili za pangaboi na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ile halisi baba yangu aliijua vizuri. Ujanani alikuwa fundi rangi kwenye karakana ya ndege Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuchora herufi za usajili ubavuni kwa brashi. Kila akifika kwenye R, aliurefusha mguu wake ukapita mstari. Msimamizi akamgombeza. Baba akaufupisha mbele ya macho yake, na ndege iliyofuata akaurefusha tena. Tabia hiyo nimeirithi nzima nzima.

Sasa baba anaishi nasi, na presha ya macho inamla. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba nuru iliyopotea hairudi na iliyobaki ni kidogo. Nilitaka aione ndege yake kabla giza halijafunga. Sikuwa na haja nyingine.

Boksi lilikuja na stika za shirika la nchi nyingine kabisa, zile za kuloweka majini kisha unazitelezesha kwa kidole mpaka zikae mahali pake. R zake zilikuwa na miguu mifupi ya adabu. Nikaziweka kando, nikatengeneza zangu kutoka kwenye picha ya zamani ya baba akiwa amesimama kando ya ndege na brashi mkononi, nikazichapa kwenye karatasi maalumu.

Nikaharibu. Nilizibandika moja kwa moja juu ya rangi isiyong'aa, hewa ikanaswa chini, na kila herufi ikazungukwa na ukungu mweupe. Nikadhani vanishi itaficha aibu yangu. Vanishi nayo ikagoma: ilijikunja ikaacha vishimo vya duara kila mahali, kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Nilikaa nikaitazama ile kazi ya miezi mitatu nikataka kulia, halafu nikakasirika, na hasira ikanisaidia zaidi.

Niliipeleka kwenye chama chetu cha waunda ndege, tunaokutana Rockville mara moja kwa mwezi. Huko yuko mzee mmoja Mmarekani mweusi, mstaafu, aliyejifunza Kiswahili chuoni na hajakiacha tangu hapo. Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Ndiye pia hakimu wa mashindano yetu ya kila mwaka.

"Dada yangu," alisema, akiigeuza ndege chini ya taa, "ninakushauri uondoe kila kitu na utumie stika za boksi. Zaidi ya hayo, herufi R hii si sahihi. Nimetazama vitabu."

"Aliyeichora yuko nyumbani kwangu anakunywa chai," nikamwambia. "Hivyo vitabu vije vimuulize."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Baba alinisikia nikigongagonga vitu, akaniita niketi karibu naye. Aliishika ndege, kisha akaiweka chini akaishika mikono yangu na kuinusa.

"Mwanangu, umejipaka mafuta ya nazi."

"Si kila siku najipaka, baba?"

"Ndiyo hivyo. Sisi karakanani, ole wako uguse bati na mikono ya mafuta. Rangi haishiki. Mama yako alikuwa ananicheka, anasema nina mikono mikavu kama miguu ya kuku."

Nikaitazama mikono yangu. Kila nikitoka kuoga, kila nikimaliza vyombo, najipaka mafuta. Nimefundishwa tangu utotoni kwamba mtu haendi mbele za watu amepauka. Na kwa mikono hiyohiyo mizuri inayong'aa nilikuwa naishikashika ndege kutwa.

Basi nikaacha mafuta. Niliiosha ndege kwa sabuni ya vyombo, nikaisugua ile vanishi kwa msasa laini na maji, nikaifuta kwa spiriti. Kazini wenzangu wakaitazama mikono yangu iliyopauka, nami nikawaachia waitazame. Stika ambazo hazikufa nilizitoboa kiputo kwa kiputo kwa sindano nyembamba, nikadondoshea dawa ya kuzilainisha, nikazikandamiza kwa pamba mpaka ule weupe ukatoka. Zilizokufa nilizichapa upya, na safari hii nikatanguliza vanishi ya kung'aa chini yake. Halafu nikasubiri unyevu wa Agosti upite, maana hewa ya huku ikilowa, vanishi huingia ukungu. Nikapulizia tabaka nyembamba, moja, nyingine, nyingine tena, mpaka kingo za stika zikazama. Ungeapa herufi zimechorwa kwa brashi.

Nikampelekea baba dirishani. Aliisogeza mpaka karibu na pua, akaigeuza huku na huku.

"Naona weupe tu," alisema. Akapitisha kidole ubavuni, taratibu, kutoka pua ya ndege hadi mkiani. "Herufi umeweka wapi?"

Nilikuwa nimechelewa. Na kadiri nilivyoifanya kazi vizuri ndivyo nilivyomfichia hata mguso wa herufi. Nilipanda juu nikafunga mlango wa bafu, nikalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu.

Kesho yake nikakwangua ubavu wa kushoto. Nikachapa kila herufi mara sita na kuzipanga moja juu ya nyingine kwa kutumia kioo cha kukuzia, kingo juu ya kingo, kisha nikapulizia vanishi kidogo tu, ya kuzizuia zisibanduke. Ubavu wa kulia nikauacha ulivyo, laini, ili wasije wakasema sijui kazi.

"Dada, kushoto stika zimevimba," mzee wa chama alisema alipoiona. "Ni lazima uzipige msasa, kisha upulizie vanishi tena. Bado kuna wiki mbili."

"Sigusi kitu."

Siku ya mashindano nilimvalisha baba koti lake zuri, tukaenda mji wa Columbia. Ndege zilipangwa mezani, na kila meza ilikuwa na kibao cha kukataza watu kugusa. Mzee alipita na tochi yake. Upande wa kulia alitikisa kichwa kwa kuridhika. Upande wa kushoto aliandika kosa, akaandika jingine.

Nikauchukua mkono wa baba nikauweka ubavuni kushoto. Kidole chake kilianza kutembea. Herufi ya kwanza, ya pili. Kikasimama kwenye R, kikateremka na mguu wake, kikapita mstari, kikaenda mpaka mwisho.

"Nani kaurefusha hivi?" aliuliza.

"Wewe."

Kidole kikarudi juu, kikaanza kuuteremka mguu upya. Hakimu alikuwa ameshatufikia.

"Samahani, mzee wangu, hairuhusiwi kugu—"

"Subiri," nikamwambia. "Hajamaliza kusoma."