Ihramu ya Babu

Usiku ule nililala nina udhu na nina hasira, vyote viwili. Udhu kwa sababu nilitaka marehemu Babu anijie ndotoni. Hasira kwa sababu alikuwa ameshawajia watu wote isipokuwa mimi.

Kwa Shangazi Mwanaidi alikuja mara nyingi, mpaka ikawa kama zamu. Shangazi ni dada yake baba, mjane, ndiye anayeendesha nyumba ya Babu hapa Kondoa, na mimi nakaa kwake kwa ajili ya shule. Kila asubuhi alikuwa anatusimulia huku anachuja chai: Babu amesimama karibu na sanduku lake, hana nguo, anatetemeka, ananyoosha kidole ukutani. Nyuma ya ukuta huo ni chumba cha Mama mdogo. Baba mdogo naye aliota, Babu akamwambia anyamaze, jambo ambalo Baba mdogo amelifanya tangu azaliwe bila kuhitaji kuambiwa na marehemu. Hata Mzee Idi, jirani yetu, alikuja kutueleza kwamba Babu amemtokea na kumpa baiskeli. Hakupewa.

Mimi nilikuwa naota mtihani wa kemia.

Nieleze tu kilichokuwa kinagombewa, maana ukikisikia utachoka kama nilivyochoka mimi. Babu alikwenda kuhiji kabla sijazaliwa. Ihramu yake, zile shuka mbili nyeupe zisizoshonwa ambazo mwanamume anavaa akiwa kwenye hija, aliziosha kwa maji ya Zamzam, akarudi nazo, akaziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Alisema hizo ndizo sanda yake. Nyumba nzima ilijua. Siku aliyofariki Shangazi akafungua sanduku, shuka hazimo. Zikatafutwa kila mahali, wanaume wanasubiri uani, maji ya kumwoshea yanapoa, mwisho mtu akatumwa dukani kununua bafta, na Babu akazikwa na bafta ya dukani kama watu wengine.

Mimi nilidhani yameishia hapo. Kumbe ndiyo yalianza.

Shangazi aliamua kwamba shuka zimechukuliwa na Mama mdogo Zuhura, mke wa Baba mdogo. Ushahidi wake ni kwamba Zuhura ndiye aliyekuwa akiingia chumbani mle kuliko mtu mwingine. Na kweli alikuwa akiingia. Alikuwa anamlisha Babu uji, anamgeuza, anamfulia. Yaani kosa lake ni kwamba alimhudumia. Nilipofikiria hivyo nilitamani kupiga kelele, lakini mimi si mtu wa kupiga kelele. Mimi hata darasani nikijua jibu namwandikia jirani yangu ainue mkono yeye.

Matanga yakaisha, arobaini ikasomwa, ugomvi haukuisha. Mpaka Shangazi akatangaza kwamba atasomesha Halbadiri. Hicho ni kisomo cha kumshtakia Mungu mtu aliyekudhulumu. Walimu wanakaa, wanasoma, ubani unafuka, na watu wanaamini kwamba mwenye hatia ataumwa, au tumbo litamvimba, au atakufa kabisa. Mama mdogo ana mimba. Alimwapia Shangazi kwamba hajui shuka ziko wapi, akalia, akaapa tena. Shangazi akamwambia kama ni safi anaogopa nini. Walimu wakaambiwa waje Ijumaa baada ya alfajiri.

Alhamisi jioni nilimkuta Mama mdogo chumbani kwake amekaa kitandani, begi liko wazi miguuni, nguo nusu ndani nusu nje. Nikamuuliza kama anaondoka.

"Nikikaa watanisomea," akasema. "Nikiondoka watasema nimekimbia. Wewe Salma uliyesoma, niambie nifanyeje."

Nikaanza kumkunjia nguo zake, halafu nikaona kumkunjia ni kama namfukuza, nikazikunjua tena. Akacheka kidogo. Alivyocheka ndipo nilipochukia kweli kweli.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Babu mwenyewe alikuwa mtu wa hasira za karibu. Chai ikiwa ya vuguvugu aligomba, redio ikikwaruza aligomba. Lakini kuhusu hija, wenzake wakisimulia majengo na taa, yeye alisimulia kidole chake. Alituambia ukishavaa zile shuka huruhusiwi kugombana, hata wakukosee vipi. Akiwa kule, jitu moja lilimkanyaga mpaka kucha ikang'oka, naye akasimama machozi yanamtoka, hakusema neno. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko jua na kutembea. Alisema siku zile alikuwa mtu ambaye hata yeye mwenyewe angependa kukaa naye. Alipovua, akarudi kuwa yeye. Ndiyo maana alitaka azikwe nazo, aende kwa Mola wake akiwa yule mtu mwingine.

Sasa nguo ambayo haitaki ugomvi ndiyo tunayogombania nyumba nzima. Nililala nawaza hilo, nimegeukia ukutani, nimenuna.

Mwanzo wa ndoto niko mstarini shuleni, asubuhi, baridi ya hapa kwetu ile ya mwezi wa sita. Mashati meupe mbele yangu. Nikatazama tena, hayakuwa mashati, zilikuwa shuka, na waliovaa ni wazee, bega la kulia wazi, na mstari hausimami, unatembea. Unazunguka. Chini si vumbi la uwanja wetu tena, ni mawe laini yanayong'aa, na mimi niko pekupeku na sare ya shule. Katikati kuna kitu wanachokizunguka. Nakijua ni nini, lakini kila nikitaka kukitazama kuna mgongo wa mtu mbele yangu.

Namtafuta Babu. Naona kabisa kwamba huu ndio wakati wangu, naye amekuja, ila amekuja na watu wasiohesabika, wote wamevaa sawa. Namgusa mzee bega, anageuka, si yeye. Namgusa mwingine, ni mwalimu wa nidhamu. Namgusa mwingine, ni yule muuza nyama wa sokoni aliyekufa mwaka juzi, ananitazama kama ananidai nafasi. Nawaomba radhi wote. Naanza kuwatazama nguo, nikijiambia ya Babu itakuwa imechakaa zaidi, itakuwa na alama ya kukunjwa miaka mingi. Zote ni sawa. Hakuna ya mwenye duka wala ya mkulima. Nazunguka nao, miguu inaniuma, na moyoni nasema, Babu, hata kufa umekufa bado unanisumbua.

"Utazunguka mpaka lini?"

Ni yeye. Yuko chumbani kwake, amekaa juu ya mkeka, na sanduku liko pale chini ya kitanda. Chumba hakina ukuta ule ambao Shangazi alisema ananyooshea kidole. Mahali pa ukuta pana nafasi tu, na wale watu wanaendelea kuzunguka huko mbali, hawatoi sauti. Babu amenyoa, naye amevaa shuka mbili kama wale. Hajakonda kama siku za mwisho. Nikamwamkia. Akaitikia huku anatafuta kitu pembeni, anasonya, kama anavyosonya miwani inapopotea.

Nilikuwa na mambo mengi ya kumuuliza. Nilitaka kumuuliza kaburi likoje, kama anatuona, kama uji wa Mama mdogo aliupenda au alikuwa anaula kwa adabu. Lakini yeye alisimama, akaelekea kibla, akaniambia kwa mkono nisimame nyuma. Nikasimama nyuma yake, kushoto kidogo.

Anainua mikono kuanza swala. Kabla hajatamka, shuka ya begani inavutwa. Anaishika, anairudisha, anainua tena mikono. Inavutwa tena. Anageuka kutazama, si kwa hofu, kwa kuchoka, kama mtu anayeswali huku watoto wanamchezea kofia. Enzi za uhai wake, swala ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu angemgusa. Hata Shangazi akiwa na neno la dharura alikaa mlangoni akangoja mpaka atoe salamu. Na sasa hawezi hata kuanza.

Nikatazama nani anavuta. Pindo la shuka ni refu, limetambaa sakafuni, limetoka nje ya chumba, na huko nje naona mikono. Mkono wa Shangazi naujua kwa bangili. Mkono wa Mzee Idi. Mkono wa Baba mdogo, ambao hauvuti, umeshika tu, haujui uachie au usiachie. Nikataka kuwafokea. Nikashusha macho kwenye mkono wangu mwenyewe, na mimi nimeshika.

Sijui nilishika lini. Nilikuwa nimeikaza mpaka vidole vyeupe.

Babu akanitazama. Sasa yuko karibu sana, nasikia harufu ya sabuni ile ya mche aliyokuwa akiogea.

"Nilishavaa, Salma. Mbona mnanivua kila siku?"

Nikamwambia si mimi. Nikamwambia ni Shangazi, anataka kusomesha, amewaita walimu, na Mama mdogo ana begi miguuni. Nilisema kwa haraka, maneno yote, kama mtoto anayeshtaki. Hakuonekana kushangaa. Nikamuuliza nani amechukua shuka. Akasonya.

"Na wewe unaniuliza nguo," akasema.

Nikaona haya. Yeye akawa anatazama kule wanakozunguka wale watu, kama mtu anayechelewa safari kwa sababu ya wageni wasiojua kuaga. Halafu akasema, taratibu, bila ile sauti yake ya kugomba:

"Wewe una mdomo?"

"Ninao, Babu."

"Unauweka kwa ajili ya nani?"

Nikafungua vidole. Shuka ikaniteleza, laini, ikarudi kwake. Akaitupa begani, akainua mikono, na safari hii hakuna aliyemvuta. Tunaswali. Sijawahi kuswali vile. Sikuwa nawaza kemia, sikuwa nawaza nimekosea wapi. Ananyanyuka, nanyanyuka. Anashuka, nashuka. Paji langu linagusa mkeka wake na nasikia pumzi yake mbele yangu, pumzi ya mtu mzima aliyetulia. Tunakaa. Natazama mgongo wake mweupe. Anageuza uso kulia, anatoa salamu. Mimi niko kushoto. Nangoja ageukie upande wangu nimwone uso vizuri, mara moja tu.

Nikaamka.

Niliudhika kiasi cha kulia. Nilifumba macho nirudi, nikageuza mto, nikajifunika gubigubi, hakuna kitu. Muadhini alikuwa anaadhini, mbwa wa jirani anambwekea kama kawaida, na uani nilisikia mikeka inatandikwa.

Nitasema ukweli, maana hapa naandika peke yangu: jambo la kwanza nililowaza ni kwamba na mimi nimeota ninachotaka. Shangazi anamchukia Zuhura, akaota kidole. Mzee Idi anaitaka baiskeli, akaota baiskeli. Mimi nampenda Mama mdogo, nikaota Babu akimtetea. Kwa nini ndoto yangu iwe ya kweli na ya wenzangu iwe upuuzi? Nilikaa kitandani na swali hilo, miguu inapata baridi. Lakini niliona kwamba hakumtetea mtu. Hata hakumtaja. Na ule mkono wangu ulioshika pindo, mimi nisingeutaka.

Nikaswali haraka, nikatoka.

Shangazi alikuwa amechuchumaa anapuliza makaa kwenye chetezo. Ubani umo kwenye kisahani pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa moshi, sijui kwa kutolala. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka, akaniambia nikateke maji ya walimu kunawa. Sikwenda. Nilisimama pale.

"Una nini wewe?"

Nikamwambia Babu amekuja.

Akanitazama kuanzia miguuni. Akasema kumbe, sisi wote tumo humu, yeye aende kwa mtoto ambaye hata shikamoo yake husikii mpaka umwinamie. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kila kitu, uzunguko, mkeka, pindo, mikono. Bangili yake pia nilimtajia. Nilipofika kwenye maneno yenyewe nilisema kama alivyoyasema, sikuongeza: nilishavaa, mbona mnanivua kila siku.

Makaa yaliwaka yakaanza kufanya majivu juu.

"Alikuwa kavaa nini?" Shangazi akauliza.

"Shuka nyeupe. Kama wote."

"Hakuwa anatetemeka?"

"Hatetemeki, Shangazi. Amekasirika."

Aliinua uso. Nilidhani atanipiga. Mdomo wake ukaanza kucheza, akauziba kwa kitenge, na hata nilipomtazama mabega sikujua kama anacheka au analia.

"Kakasirika," akasema, kama mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali. "Basi ndiye mwenyewe."

Kwa miezi yote ile Babu aliyekuwa akimwota alikuwa mpole, mnyonge, anaonewa. Nadhani hata yeye alikuwa hamtambui.

Akachukua kopo, akayamwagia makaa maji. Moshi ukapanda baina yetu, akakohoa, akaniambia nisisimame kama mlingoti, kuna mtu wa kuamshwa. Mlango wa Mama mdogo ulikuwa umefungwa, na chini yake mwanga wa taa ulionyesha hajalala. Nikaenda nikagonga, na aliponiuliza ni nani, nikajibu kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia.