Sauti ya Mwanaima

Dada yangu Mwanaima hakuwahi kuutafuta umaarufu. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu mimi ndiye niliyemtafutia. Yeye alikuwa mkulima wa korosho na ufuta huku Marambo, na kwenye ngoma za unyago aliimba kwa kuwa mama yetu naye aliimba. Mimi, Bakary, nilikuwa na kibanda karibu na stendi ya Nachingwea, natengeneza simu na kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Siku moja mwaka 2009 nilimkuta uani kwake anaanika mkeka huku anamtania bintiye wa miaka mitano. Nikatoa simu nikamrekodi.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kubembeleza tu. *Sikitu wee, Sikitu, mkeka wa wageni umelowa. Nani kakojoa? Sikitu. Uanike mwanangu, jua bado lipo.* Mtoto ndiye aliyeitwa Sikitu. Ndugu zake wawili waliomtangulia walikufa wachanga, bibi yake akasema huyu apewe jina la kudharauliwa ili kifo kisimtamani. Na kweli hakikumtamani.

Niliwapa wimbo ule bodaboda watatu, bure, kwa kujisifu kwamba ni dada yangu. Kabla msimu wa korosho haujaisha ulikuwa umefika Ruangwa na Masasi, na redio zikaanza kuupiga. Baadaye vijana wa Dar wakauwekea mdundo wa singeli bila kumuuliza mtu. Mwanaima akawa anaitwa kwenye harusi na sherehe za unyago za wilaya mbili, akajenga nyumba ya bati, na jina lake likapotea, watu wakamwita Mama Sikitu. Mtoto mwenyewe alifurahi. Alipandishwa juu ya meza akacheza, akatunzwa, akacheka. Miaka ile simlaumu mtu.

Lawama zinaanza mwaka 2015, alipochezwa unyago. Kwetu mtoto akitoka ndani hatoki na jina aliloingia nalo. La utoto linaachwa hukohuko, na ukimwita mtu jina hilo tena umemtukana. Zamani ulitozwa kuku na kuomba radhi mbele ya wazee. Binti yetu alitoka anaitwa Raudha. Jioni ileile alimfuata mama yake jikoni, mimi nikiwepo.

"Mama, ule wimbo sasa basi."

"Watauulizia, mwanangu."

"Basi weka jina lingine. Weka lolote."

Mwanaima alijaribu, nampa haki yake. Kwenye harusi moja Naipingo aliweka jina la kutunga. Watu walidhani amekosea, wakamrekebisha kwa kupiga kelele, ukumbi mzima, na waliomwalika wakaanza kununa. Akaimba walivyotaka. Raudha alikuwa amekaa na wasichana wenzake waliochezwa naye, wote wanamtazama. Hakula siku ile wala siku iliyofuata. Wakati ule niliona ni deko la kike tu. Nilikuwa mjinga.

Akaolewa akiwa na miaka kumi na minane, na kijana wa Naipingo aitwaye Fahadi. Uchungu wa mtoto wa kwanza ulimkamata nyumbani kwa mama mkwe, akakaa nao siku mbili wakimwambia avumilie, ndipo wakampeleka hospitali. Mtoto alitoka amekufa. Baada ya wiki mkojo ukaanza kumtoka wenyewe, mchana na usiku, amekaa au amesimama. Fahadi alimrudisha kwa mama yake pamoja na godoro lake. Hata hakuingia ndani kunywa maji.

Ugonjwa ule unaitwa fistula na si kosa la mtu aliye nao. Lakini nani angesikiliza? Wilaya mbili zilikuwa zimefundishwa kucheka jambo hilohilo, kwa jina lake, kwa miaka kumi na tatu. Tulimfungia chumba cha nyuma tukasema ana presha. Watu wana msemo wao, mficha maradhi kifo humuumbua, na wanausema kwa raha sana wasipokuwa na cha kuficha.

Mwanaima aliacha kuimba akisingizia koo. Ikafika miezi minne watu wakaanza kuulizana: Mama Sikitu ana nini, na mbona binti yake haonekani? Alipoona maswali yanakaribia mlango, alikwenda Ruangwa kwenye sherehe akaimba ili wanyamaze. Akaimba mkeka wa wageni umelowa, na nyumbani godoro la mwanawe liko juani nyuma ya banda la kuku. Aliporudi, Raudha alikuwa ameshaiona video kwenye simu. Alisema, "Umevaa vizuri, mama."

Ndipo mhudumu wa afya wa kijiji, Gaudensia, mwanamke mwenye siri kuliko kaburi, akatuambia kwamba fistula inashonwa na kupona, kule Dar, bila malipo. Aliandikisha jina la Raudha, tukapewa tarehe. Raudha alitaka mimi peke yangu ndiye nimpeleke. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, na hilo halikuwa ajabu. Lakini Mwanaima alilia akasema mjomba hawezi kumbadilisha mwanamke nguo njiani. Raudha akakubali kwa sharti moja.

"Njoo, ila usifungue mdomo ndani ya basi. Sura utaifunika, sauti huwezi. Kama kuna neno, mjomba atasema."

Tulipanda alfajiri Nachingwea, basi linalopitia Ruangwa. Wao wawili walikaa kiti cha mwisho dirishani, mama amevaa nikabu, binti amekalia plastiki na khanga tatu. Mimi nilikaa mbele karibu na konda ili niwe mdomo wao. Tangu saa nane usiku nilikuwa macho nafunga mizigo. Tulipopita vijiji vya kwanza nikasinzia. Kazi yangu ilikuwa moja tu.

Khanga zililowa zote kabla ya Ruangwa. Jirani yao kwenye kiti alishaanza kunusa na kufungua dirisha. Raudha alianza kulia bila sauti, akimshika mama yake mkono. Mwanaima alinyanyua mkono mara mbili nimwone, naye alichokiona ni kisogo changu kinayumba. Basi likawa linakimbia. Akasema, "Konda, baba, naomba usimame tuchimbe dawa."

Kuomba kujisaidia tu, maneno kumi hayafiki. Niliamka kwa ile sauti, na nikajua wote wameamka.

"Mama Sikitu huyo," alisema mzee mmoja. "Siwezi kuikosea sauti hiyo."

Konda alikuwa kijana mchangamfu, hakuwa na ubaya wowote. "Wazee, leo tumebeba staa. Mama yangu, Ruangwa hiyo hapo mbele, tutachimba dawa kwa raha zetu. Kwanza tukupe heshima yako." Akaweka wimbo, akafungulia spika mpaka mwisho.

Abiria wote waligeuka nyuma. Simu zikanyanyuliwa zikielekea kile kiti cha mwisho, kwa mama na kwa aliyekaa pembeni yake. Nilisimama kusema wazime, nikajiuliza nitawapa sababu gani, na wakati najiuliza Mwanaima akainuka. Alivua nikabu. Akatembea katikati ya viti kuja mbele, anaimba na kupiga makofi, na kila alipopita vichwa na simu vilimfuata, mpaka alipofika kwa dereva hapakuwa na hata mtu mmoja anayetazama nyuma. Hapo akaimba wimbo wote, pamoja na mkeka, pamoja na jina. Hajawahi kuimba vizuri vile. Nilielewa anachokifanya, na nikapiga makofi nami ili kumsaidia.

Raudha aliona mama yake anamwacha amelowa na kwenda kwa watu wake. Aliniona na mimi napiga makofi.

Stendi ya Ruangwa watu walimzunguka Mwanaima mlangoni kwa ajili ya picha. Raudha alishuka mlango wa nyuma amejifunga shuka. Nilimfikia akiwa ameshapanda bodaboda.

"Alikuwa anakuficha," nilimwambia. "Mwanangu, alikuwa anawageuza wasikuone."

"Angesema huyu ni Raudha, anaumwa, simamisheni gari. Maneno hayo ni mazito kuliko wimbo, mjomba?"

Bodaboda akamrudisha Nachingwea. Tarehe ya Dar ikapita. Gaudensia akamtafutia nyingine, Raudha akaikataa, na ya tatu pia. Anasema hata huko wauguzi wataujua ule wimbo. Sasa anaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya marehemu bibi yake. Chakula anapokea mkononi kwangu. Cha mama yake akikijua anawapa kuku. Mwanaima hajaimba tena tangu siku ile, na hakuna anayemwamini anaposema ameacha.

Mwezi uliopita alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja akanitazama nafungua simu ya mtu.

"Bakary, wewe ndiye uliyeutoa huu wimbo. Kautoe huko uliko."

Nilimwonyesha. Video ya lile basi ilikuwa imetazamwa mara laki sita. Mwanzoni, Mwanaima akiwa bado anakuja mbele, kwenye kona mbali nyuma anaonekana mwanamke aliyeinamisha kichwa, na chini mtu ameandika: dada wa kiti cha mwisho ana roho mbaya, mbona hapigi makofi? Wengi walikuwa wamecheka. Mwanaima hajui kusoma vizuri, akaniomba nimsomee. Nikamsomea.