Yasini na lori la baba yake

Watu wangu, akili yangu haijakaa sawa. Jana tumemzika Yasini kwao Koboko. Tangu nirudi Arua naandika nafuta, naandika nafuta.

Wengi mlimjua akiwa mwalimu mzee mwenye maneno machache. Mimi nilimjua miaka ya tisini, tukifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha ngozi hapa Arua. Kilikufa zamani.

Tulinuka, jamani. Nikirudi nyumbani Awindiri hata mbuzi walinipisha njia.

Maji ya kuoshea ngozi yalitoka meusi na kuteremka mpaka kijito cha upande wa Pajulu. Akina mama wakayajaza kwenye madumu, wakaja kuyaweka mezani kwa bosi.

Yasini akaomba betri za lori na vipande vya chuma. Akavitumbukiza kwenye pipa la maji machafu, akaunga waya. Mimi nilisimama mlangoni kwa kuogopa shoti.

Povu likapanda. Uchafu ukashikana mabonge mabonge, tukauchota. Chini yake maji yakabaki meupe.

"Candiru, usinitazame kama mchawi," akasema. "Umeme unakula chuma, chuma kinashika uchafu. Ni hivyo tu."

Bosi akaanza kuwaambia wageni ana treatment plant, yaani mtambo wa kusafisha maji. Yalikuwa mapipa mawili.

Lakini chuma kilikuwa kinaliwa kweli. Kilikonda mpaka kikakatikia mkononi. Ndipo Yasini akasema twende Koboko kwa mama yake.

Uani kwao kulikuwa na lori la jeshi. Baba yake, aliyekuwa askari, aliliacha pale mwaka sabini na tisa vita ilipofika, akavuka kwenda Congo kwa miguu, akasema atarudi kulichukua. Mama na watoto nao wakakimbia. Waliporudi walilikuta, halina magurudumu. Mama alifagia chini yake kila asubuhi.

"Mama, naomba chuma ya lori," Yasini akasema.

"Gari hii iko na mwenyewe. Mwenyewe atarudi."

Akatuletea chakula. Tulikula, tukarudi Arua.

Baadaye lori la mkaa likatushushia pale kiwandani mlango mmoja aliotuma mama. Ulikuwa mlango wa abiria. Wa dereva mama alibaki nao.

Kisha ikaja boneti, kisha madigadi, mpaka lori likaisha. Yote yaliingia kwenye pipa, na akina mama wa Pajulu wakarudi kufua kijitoni. Siku za kukata chuma hicho Yasini alikuwa haongei na mtu. Nilidhani ni uchovu.

Jana baada ya mazishi mama alinishika mkono. Amezeeka sana. Mlango wa dereva bado umeegemea ukuta wa jikoni.

"Candiru, nyinyi kule Arua mlikosa chuma kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo, mama. Halafu nikamkumbuka yule Mkongo wa vyuma chakavu, jirani yetu Awindiri. Rundo lake lilifika dirishani, na alitubembeleza tumpunguzie. Yasini alipita pale na mimi kila siku. Mimi nilidhani labda chuma cha jeshi ni cha aina yake. Mjinga mimi.

Sasa Yasini alikuwa anataka nini? Kijito kisafike, au mama aache kungoja? Au yeye mwenyewe ndiye alichoka kuliona lile lori? Nimewaza usiku kucha, sielewi.

"Sijui, mama," nikamwambia.

"Mi nilijua. Chuma iko mingi Arua, niliona sokoni. Nilimpa kwa sababu mutoto aliomba."

Akaugeukia ule mlango. "Hii hakuomba."

Yasini, ndugu yangu, nimekukasirikia na nakulilia, sijui nianze na lipi. Ungeniambia tu, ningekushikia msumeno. Lala, mwalimu. Lala kwa amani.