Mama Mkwe wa Dashibodi

Madereva wenzake walimwita Nusujicho, na hakuwahi kununa. Ukope wa jicho lake la kushoto uliteremka utotoni, alipopigwa teke na punda, na tangu siku hiyo haukupanda tena. Ukimtazama upande huo utadhani anasinzia. Zunguka upande wa pili, utakuta amekuona zamani.

Miaka mingi aliendesha lori la saruji akiwa na utingo wake, kaka wa mkewe. Kazi ya utingo, kwa jina, ni kufunga turubai na kuweka kabari kwenye tairi. Kazi hasa ya huyu ilikuwa ubishi. Akiona mwenzake ameanza kuzubaa kwenye usukani, anamchokoza.

"Shemeji, siku ya harusi yako ulilia."

"Sikulia. Lile lilikuwa jasho."

"Jasho la machoni?"

Hapo ugomvi unawaka, unapanda nao mlima na kushuka nao, na usingizi hauoni pa kukaa. Waligombana ugomvi huo huo mmoja mpaka lori likazeeka.

Halafu kampuni ikafunga kamera: kisanduku kidogo juu ya dashibodi, kinachomtazama dereva usoni safari nzima. Ukifumba macho kidogo, sauti ya mwanamke inakufokea, na taarifa inaruka mpaka ofisini. Madereva wakaibatiza Mama Mkwe, kwa kuwa haichoki kukutazama na huwezi kuijibu. Wakubwa nao wakaona mwenye Mama Mkwe hana haja ya utingo. Shemeji akamwaga unga. Tangu hapo alishinda kwenye kigoda mlangoni kwa dada yake, yeye na wanawe wakila kwa mshahara wa Nusujicho.

Na Mama Mkwe alipouona ule ukope, alichachamaa. "Dereva, unasinzia!" Mtu ametoka kunywa chai, macho makavu, anaambiwa anasinzia. Maonyo yakarundikana. Nusujicho akaenda ofisini amefura. Msimamizi wa magari, binti mpole ambaye hajawahi kumpita bila kumwamkia, alimsikiliza, akamtazama usoni bila kucheka, akakubali.

"Mtambo unakuonea, mzee. Upande wa macho nimeuzima, kwako tu. Lakini maonyo ya nyuma siwezi kuyafuta. Likiingia lingine lolote, la spidi, la simu, utarudisha funguo. Amri hiyo si yangu."

Alitoka kifua mbele. Alikuwa na haki, na mtu akipata haki yake mbele ya mashine lazima avimbe kidogo.

Safari iliyofuata alikesha kwenye foleni ya kupakia, akiwasha lori, akisogea, akizima. Mtambo ulihesabu pia saa za dereva kupumzika, na kwake huo ulikuwa usiku wa mapumziko, maana muda mwingi injini ilikuwa imezimwa. Asubuhi ukampa ruhusa ya kuondoka, naye akaondoka. Angeanzaje kulalamika kwamba ana usingizi, mtu aliyetoka juzi tu kuapa ofisini kwamba hasinzii?

Mchana jua lilipiga kioo cha mbele. Juu ya mlima, kabla ya mteremko mkubwa, kuna uwanja ambapo malori husimama kukagua breki. Nusujicho aliupita. Si kwamba aliamua kuupita. Hakuuona.

Alichosikia ni changarawe zikigonga chini ya lori. Akafumbua macho, na mbele yake barabara haipo, upo ukingo wa bonde. Akavuta usukani polepole, kwa mikono iliyojua kazi kuliko yeye mwenyewe, na tela likafuata likiyumba mpaka likarudi kwenye lami. Akamtazama Mama Mkwe. Kimya. Taa yake ya kijani iliwaka kama kawaida.

Pa kusimama hapakuwepo tena. Kushoto bonde, kulia ukuta wa jiwe, na nyuma yake basi limejaa watu. Kusimama kwenye kona zile ni kulifanya basi limvae. Ilibidi ashuke, mpaka chini kabisa, gia nzito, macho wazi.

Akafungua dirisha. Akajipiga kofi. Akaimba, na katikati ya wimbo akajisikia anaimba maneno yasiyokuwemo. Jicho lake zima, lile la kulia, likaanza kushuka taratibu kwenda kukaa na mwenzake. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Simu ilikuwa mfukoni. Akiitoa, Mama Mkwe ataiona, na unga umemwagika: wake, wa mkewe, wa shemeji na wanawe. Asipoitoa, kona inayofuata ataikuta amelala, na basi liko nyuma.

Akaitoa.

"Dereva, weka simu chini!" Mama Mkwe alifoka, na taa ikawa nyekundu. Alishabonyeza. Akaiacha pajani, sauti juu.

"Shemeji," alisema. "Niko mteremkoni. Nalala."

Yule wa kwenye kigoda hakuuliza swali. "Siku ya harusi yako ulilia."

"Sikulia."

"Ulilia mpaka dada yangu akakufuta kwa shela! Watu wote waliona!"

"Mwongo mkubwa wewe! Jasho lile!"

Waligombana kona hadi kona, wakitukanana kwa sauti za kuvunja vioo, mpaka lori likafika tambarare. Basi likampita likipiga honi. Akaegesha, akazima injini, na mikono ikagoma kuachia usukani.

Simu ya ofisini haikuchelewa.

"Nimeona simu, mzee," msimamizi alisema kwa unyonge. "Niambie kuna mgonjwa. Niambie chochote, niende nikakutetee."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. Nusujicho akafikiria madirisha ya basi lile.

"Hakuna mgonjwa. Nililala, binti yangu. Mtambo haukuniamsha kwa sababu nilikuomba uuzime. Uwashe, atakayekuja asiukute umezimwa."

"Nikiyaandika haya hutarudi barabarani."

"Andika."

Akabaki kusubiri dereva mwingine aje kuchukua lori. Funguo alizichomoa mapema, akaziweka kwenye dashibodi mbele ya Mama Mkwe. Kisha akampigia shemeji.

"Umefika chini?"

"Nimefika. Shemeji, hapo mlangoni kuna kigoda kingine?"

Upande wa pili mtu alijua alichoulizwa.

"Kipo. Nitakisogeza karibu na changu." Akategea sikio. "Shemeji, unalia?"

"Jasho," alisema Nusujicho.

Na kwa mara ya kwanza shemeji yake hakubisha.