Mahindi Ndani ya Bwawa

Niliondoka Syokimau Jumatano asubuhi kwa sababu mama alinipigia simu kutoka dukani: afisa wa maji angefika kwetu Mwala kesho yake kuamua kama bwawa lifunguliwe, tupate bonde letu. Tulikuwa tumeomba hivyo miaka mingi, tangu maji yameze mashamba. Mimi kifungua mimba ndiye niliyetakiwa kusema kwa niaba ya nyumba yetu.

Mjini Machakos nilibadilisha gari, nikanunua mkate na majani ya chai, maana kwa mama hakuendwi mikono mitupu. Nilirudia hotuba yangu kimoyomoyo hadi mwenye hoteli nilimoketi kunywa chai akaniuliza kama ninasali.

Mwala, mwendesha boda boda alinipa habari iliyonikata maini. Kiangazi kilikuwa kimekausha nusu ya bwawa, matuta yetu ya zamani yakajitokeza, na watu wakalima. Afisa alikuwa ameonya kwamba atakayeingia mle kabla ya uamuzi ataharibu kesi ya wote.

Jioni niliwakuta kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, wakipalilia shamba letu. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nilikasirika, nikasema wametumaliza. Mama hakuinua hata mgongo. Alinijibu kwamba udongo ulikuwa na unyevu na mbegu zilikuwa nyumbani, sasa wangengoja nini?

Alhamisi, afisa alisimama ukingoni akayatazama yale mahindi.

"Nani amewaruhusu?"

Nilifungua mdomo nianze hotuba yangu. Mama akanipita.

"Bwana afisa, hii shamba niliolewa nikaikuta. Maji ikitoka, mimi nalima. Kwani ungefanya nini?"

Afisa alivua kofia. Alisema lango la bwawa litaachwa wazi mpaka tuvune, halafu ataandika kwamba bonde lina wenyewe. Ila alituonya kwamba lango ni dogo, mvua kubwa ikija halitaweza kuyashinda maji.

Ijumaa nilipanda gari kurudi Syokimau. Nilikuwa nimejifunza kwamba jembe la mama linasema vizuri kuliko mimi, lakini hofu haikuniisha. Tulipofika Lukenya wingu lilikuwa limetanda, na abiria wakaanza kumshukuru Mungu. Mahindi ya mama yalihitaji mvua hiyo. Nami, mtoto wa Ukambani kusikokwisha ukame, nilifumba macho nikaomba inyeshe kidogo tu.